Kokwa na Gunia la Kufutia Miguu

Shaa, shaa, shaa. Blanketi lilikuwa linaburutwa kwenye sakafu ya ukumbi. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, nasi tulikuwa jikoni tukipukuchua mahindi kwa mwanga wa makaa. Hakuna aliyeuliza ni nani. Ipyana, binti yangu wa miaka minne, alikuwa ametoka tena chumba cha watoto na anarudi kitandani kwangu, kwa siku ya nne mfululizo. Mdogo wake alikuwa amebakiza mwezi mmoja kuzaliwa, nami nilitaka kitanda kiwe na nafasi kabla hajafika.

Niliinuka ili nimrudishe. Mama mkwe wangu, Bibi Tusekile, akanishika upindo wa kitenge.

"Kaa, mama Ipyana. Sogeza gunia, mbwa atafuata."

Lugano na Sekela, watoto wa shemeji yangu waliokuja kwetu likizo, wakacheka.

"Bibi, mbwa ametokea wapi tena?" akauliza Lugano.

"Hiyo ameitunga sasa hivi," Sekela akasema. "Hata shuleni hatujaisikia."

"Shuleni mtasikia za watu wengine. Hii ni ya kwetu, na siku iliposemwa mara ya kwanza nilikuwa nimepiga magoti palepale. Mimi ndiye niliyesemewa."

Ipyana akafika na blanketi lake, akajilaza mapajani mwa bibi yake. Bibi akaliweka gunzi pembeni.

"Sogeza gunia, mbwa atafuata," akarudia. "Methali hii ilianza hivi." Akatusimulia.

*

Baba yangu alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni pale Tukuyu. Jioni moja alirudi na kapu, na chini ya majani ya maboga kulikuwa na mtoto wa mbwa. Kuna wageni walikuwa wakisafiri na mbwa wa ile aina ndogo, ya kukaa ndani, ambayo hata ikizeeka haifiki magotini. Akawazalia njiani watoto wanne. Watatu walipata watu, wa nne akakosa. Alikuwa na miezi miwili, miguu mifupi, mviringo, rangi ya kahawia. Mdogo wangu Atuganile, wakati huo ana miaka tisa, alimtazama akasema anafanana na kokwa la parachichi. Basi akaitwa Kokwa.

Kwetu mbwa hulala nje. Lakini Tukuyu mnaijua, mvua yake na baridi yake, na umande wa uani ulikuwa ukimfika Kokwa tumboni. Usiku wa kwanza tulimlaza kwenye banda la kuni. Asubuhi Atuganile alimkuta amekakamaa. Akamtia ndani ya sweta lake, akakaa naye jikoni mpaka akaanza kutetemeka.

"Anayetetemeka yu hai," baba akasema. "Atalala ndani."

Mama akaitazama sakafu. Wengine walikuwa na ng'ombe. Mama yangu, Subilaga, alikuwa na sakafu. Saruji nyekundu, kila Jumamosi anapiga magoti na kuisugua kwa dawa ya kung'arisha na kipande cha blanketi, mpaka ukiinama unaona meno yako.

Kokwa akaikojolea kabla ya saa nne.

Baba akafanya kile watu wote wanachofanya. Akamshika shingoni, akamsugua pua pale pale, akamtoa nje. Kokwa akasimama chini ya paa, akaitazama mvua, mlango ulipofunguliwa akarudi ndani na kukojoa. Siku tatu ilikuwa hivyo. Mwisho wake alijifunza jambo moja tu, kujificha. Tukawa tunakuta uchafu chini ya kitanda na nyuma ya debe la unga. Alfajiri moja baba akavaa buti lake la mvua, akatulia kidogo, akalivua taratibu.

"Huyu sasa ananifundisha mimi," akasema.

Ndipo mama alipotoa hukumu yake. Watu wa Kyela walikuwa wameleta habari za kuniposa, na walipangiwa Jumamosi ya tatu tangu siku ile. "Siku hiyo nikinusa mkojo humu ndani," mama akasema, "mbwa anakwenda kwa Mwakyoma."

Mwakyoma alikuwa mlinzi wa ghala la mpunga. Mbwa wake walifungwa kwa mnyororo nje, mvua yao, baridi yao. Sote tulijua Kokwa asingeuona usiku wa pili kule.

Atuganile hakulia. Alichukua kigoda, akakaa kando ya debe la unga, akamtazama Kokwa siku mbili nzima. Ukimwita kula anakuja na kigoda chake. Aliona kwamba Kokwa akiamka usingizini, atakojoa. Akimaliza kula, atakojoa. Akicheza sana, vilevile. Na kila mara, kabla hajakojoa, huzunguka mara moja huku ananusa chini. Akaona na jambo lingine, akamfuata mama.

"Mama, Kokwa ana choo chake."

"Nyumba nzima ni choo chake."

"Hapana. Tusipomfukuza, anakwenda kwenye gunia lako."

Mlangoni pa chumba cha wazazi kulikuwa na kipande cha gunia la kahawa, cha kufutia miguu. Mama alikuwa akikifua na kukirudisha, na Kokwa naye akikirudia.

"Lile ni la miguu," mama akasema.

"Sisi ndio tunaojua hivyo. Yeye anajua ndipo mahali pake. Ila pako pabaya. Tupasogeze mpaka nje."

Baba alikuwa anasikiliza. Alifurahi kweli, na mtu akifurahi hasubiri. Akaliokota gunia kwa vidole viwili, akavuka nalo uani, akalitandika kwenye migomba. "Kazi imekwisha," akasema. Mchana Kokwa aliamka, akaenda moja kwa moja mlangoni pa mama, akanusa sakafu tupu, akazunguka mara moja, akakojoa katikati ya ule mng'aro.

Mama akasimama na fagio mkononi. "Zimebaki wiki mbili. Baba Tusekile, kamwambie Mwakyoma atafute mnyororo mdogo."

"Mama, subiri," Atuganile akasema. "Kokwa hajakosa. Baba alilipeleka mbali. Kokwa amelitafuta lilipokuwa jana."

"Sasa ulitaka lipelekwe vipi?" baba akauliza.

"Kidogo. Akiamka, alione bado."

"Kidogo kiasi gani?"

"Nyayo mbili asubuhi, mbili jioni. Nyayo zangu, si zako, baba."

Mama alimtazama Atuganile, akayatazama na miguu yake, ambayo haikuwa mikubwa. "Mpaka Jumamosi ya wakwe," akasema. "Si siku moja zaidi." Akaliweka fagio ukutani.

Gunia likarudi mlangoni pa mama, na safari ikaanza. Kutoka pale mpaka mlango wa uani zilikuwa nyayo ishirini na nne. Atuganile akatoa masharti, na sisi wakubwa tukayafuata. Gunia lisifuliwe kwa sabuni, lisuuzwe kwa maji tu, kwa sababu harufu ikiisha yote na Kokwa atapotea. Akiamka au akimaliza kula, abebwe mpaka juu ya gunia, asemeshwe polepole. Akikojoa pale apewe dagaa mmoja, palepale, miguu yake ikiwa bado juu ya gunia. Akikosea, mtu asiseme neno, afute kwa maji ya ndimu aende zake. Hilo la kutosema neno lilimshinda baba kuliko sisi sote. Alikuwa anakwenda jikoni kuyasemea masufuria.

Siku ya tatu gunia lilikuwa chini ya meza ya kulia. Jirani akaja kuomba chumvi, akaona, akamtazama mama. "Usiniulize," mama akasema, akampa chumvi.

Siku ya sita gunia lilifika kizingitini, na hapo ndipo safari ilipokwama. Nusu ya gunia ndani, nusu nje, mvua inanyesha. Kokwa alisimama miguu ya mbele nje, ya nyuma ndani, akatikisa masikio, akarudi. Baba akanyoosha mkono amsukume.

"Mwache," mama akasema kutoka chumbani. "Atajua mwenyewe."

Baba akanitazama, nami nikamtazama.

Kizingiti kilikula siku tatu. Siku ya nne gunia lilitoka lote, likakaa chini ya paa. Kutoka pale likaenda kwenye migomba, na kukinyesha baba alikuwa anatoka na mwavuli wake wa kazini, anasimama anamfunika mbwa huku yeye analowa mgongo. Kisha Atuganile akachukua mkasi. Kila asubuhi alikata gunia upana wa kiganja, likawa kama taulo la uso, likawa kama leso ya mfukoni. Ijumaa, siku moja kabla ya wakwe, lilikuwa limebaki kama jani la kiazi. Akalitia mfukoni. Kokwa akaenda migombani peke yake.

Jumamosi walikuja watu kumi na mmoja, na mvua ikaja nao. Milango ikafungwa, wa uani ukatiwa na komeo kwa sababu ya upepo. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mkekani, nimefunikwa kitenge mpaka usoni. Atuganile alitumwa kwa jirani kuazima vikombe. Mshenga wao, mzee Mwaipopo, akaanza maneno yake, na yule mzee alipoanza alikuwa hana dalili ya kumaliza.

Kwa chini ya kitenge nikamwona Kokwa. Alikuwa amelala chini ya kiti cha mgeni, akaamka. Akaja katikati ya sakafu. Akanusa. Akazunguka mara moja.

Msichana anayeposwa hainuki, wanangu. Hata nyumba ikiungua, hungoja aambiwe. Nikasema moyoni, Kokwa, tafadhali.

Akaacha. Akatembea mpaka mlango wa uani, akaukuta umefungwa. Akainua mguu mmoja, akakwaruza. Mvua inapiga bati, mzee Mwaipopo anapanda sauti ashindane nayo. Kokwa akakwaruza tena, akageuka kututazama. Nikaona yeye amemaliza yote tuliyomwomba, na aliyebaki kutimiza lake ni mwenye nyumba.

Mama akasimama. Katikati ya maneno ya mshenga, na kitenge chake kipya, akapita mbele ya magoti ya wakwe, "niwieni radhi, niwieni radhi," akatoa komeo, akafungua. Akasimama pale anarushiwa mvua mpaka Kokwa alipokwenda migombani na kurudi. Kisha akafungua fundo la upindo wake, akatoa dagaa mmoja, akampa. Nami sikuwa na habari kwamba mama yangu anatembea na dagaa kwenye upindo. Sijui alianza lini.

Shangazi wa mchumba wangu akacheka puani. "Kumbe nyumba hii mbwa ana bawabu."

"Amebisha hodi, shangazi," mama akasema. "Ningemnyimaje?"

Wakarudi kwenye maneno yao. Shangazi yule akaeleza kuwa wao hawana haja ya kungoja. Baada ya harusi nichukuliwe wiki ileile, nizoee Kyela mara moja, joto lake, mpunga wake, samaki wake. Mimi nilikuwa sijawahi kulala hata usiku mmoja nje ya nyumba ile. Chozi likaanguka kwenye sakafu nyekundu, na mama, ambaye hakuna tone lililowahi kumpita kwenye sakafu yake, akaliona.

"Ndugu zangu," akasema, "mtoto nimewapa, sirudi nyuma. Ila mkimbeba kwa siku moja, mwili utafika Kyela na roho itabaki inazunguka mlangoni kwangu, inatafuta mahali pake. Kabla ya harusi aje kwenu siku mbili, na mdogo wake, arudi. Kisha aje wiki, arudi. Sogeza gunia, mbwa atafuata."

Wageni wakatazamana. Siku ya posa, mama amemtaja mwanawe na mbwa kwa pumzi moja. Baba ikabidi aeleze, tangu kapu mpaka mkasi. Alipofika kwenye buti, mzee Mwaipopo alivua kofia akajifutia macho. Wa mwisho kucheka alikuwa shangazi, lakini alipoanza hakunyamaza upesi. Mshenga huyo alikuwa mtu wa kuingia nyumba nyingi, na kila alikoingia aliingia na maneno ya mama. Ndiyo maana watu wa kwetu wanayasema mpaka leo.

Mimi nilifika Kyela hivyo, siku mbili, kisha wiki, kisha mwezi. Na huko ndiko nilikomzaa baba yake Ipyana.

*

Bibi akachukua tena gunzi lake. Lugano hakucheka. Sekela alikuwa anatazama ukumbini kwenye giza, kama anayepima kwa macho kutoka mlango wangu mpaka mlango wa watoto. Nami nilikuwa napima.

"Sogeza gunia," Bibi akasema taratibu, "mbwa atafuata."

Tulidhani Ipyana amekwisha kulala. Akafunua blanketi usoni.

"Leo nitalala chini chumbani kwa mama, karibu na mlango."