Chokaa ya Mwanakheri

"Chokaa haizeeki shimoni." Mmeisikia jana harusini, wajukuu wangu, na mnataka kujua imetoka wapi. Ilitoka Siyu, kwenye nyumba ya mawe ya Mwanakheri na kaka yake Famau.

Mama yao alipofariki, ukuta wa chumba chake ulikuwa umeanza kumeguka pamoja na nakshi alizochonga babu yao. Wakaazimia kuutengeneza wenyewe. Walichoma matumbawe, wakaizima chokaa kwa maji, wakaifukia shimoni uani ilainike. Kabla haijawa tayari, Famau akapata kazi Jidda. Alimwomba dada yake asiuguse ukuta mpaka arudi, waukandike pamoja.

Miaka ikapita. Famau alioa huko, akapata mtoto, na kila alipotuma salamu alisema anakuja. Mwanakheri akawa analimwagia maji lile shimo lisikauke. Majirani walimshauri apake saruji, amalize kazi. Lakini alikwisha kuona yaliyoipata nyumba ya jirani: saruji ilifungia unyevu ndani, ukuta ukatoa jasho, nakshi zikaanguka. Tena haikuwa hiyo tu. Kuukandika ukuta ule bila Famau kungekuwa kukubali kwamba harudi.

Na kweli hakurudi. Alizikwa huko huko. Matanga yalipokwisha, Mwanakheri alitoka uani, akamwaga maji shimoni kama kawaida. Hakuna aliyethubutu kumuuliza anamwekea nani.

Siku moja mwanamke mrefu, mwenye paji la uso la Famau, alibisha hodi. Alikuwa Raudha, bintiye. Alieleza kwamba baba yake, hata ugonjwani, alikuwa akiutaja ukuta wa mama yake. Alipoonyeshwa chumba, alipitisha kidole taratibu juu ya nakshi zilizobaki.

"Nimechelewa, shangazi?"

Mwanakheri alimshika mkono, akampeleka uani, wakafukua mchanga. Chokaa ilikuwa nyeupe, laini kama siagi.

"Chokaa haizeeki shimoni, mwanangu," alisema. "Haya, kunja mikono ya nguo."

Wote wawili waliukandika ukuta, mmoja akilia, mwingine akimsimulia jinsi Famau alivyokuwa utotoni.

Tangu hapo, pale Siyu, mtu akichelewa kurudi kwa wanaompenda na akaona haya kuingia, watu humfungulia mlango na kumwambia: chokaa haizeeki shimoni.