Ukimya wa Sitti Nuzuha

Mji wa Nurzamani, ulipotawaliwa na Sultani Ghalibu bin Mundhiri, ulikuwa na malango saba ya shaba, na chemchemi zinukiazo mawaridi, na ndege wanaosalimia wageni kwa majina yao kabla hawajajitambulisha, na pamoja na fahari yote hiyo Sultani hakupenda kitu kama sauti ya binti yake wa pekee, Sitti Nuzuha, akighani tungo zake ukumbini kila asubuhi.

Ikatukia koo la Nuzuha likaota uvimbe, kwanza mdogo kama punje ya mtama, kisha kama kokwa ya tende, na matabibu wa mji wakaingia na kutoka wamekunja nyuso. Sultani alikwisha kumzika mkewe kwa maradhi, na kwa mwana hakuwa na subira tena. Akafungua kasha la wazee wake, akatoa pete ya akiki, akaisugua, na mbele yake akasimama jini mwenye ndevu za moshi, jina lake Dahmani, ambaye zamani alimtumikia tabibu mmoja mcha Mungu na kujifunza kwake kazi yote.

Dahmani akamtazama Nuzuha kooni, akasema naye mwenyewe, si na baba yake: "Bibi, uvimbe huu nautoa kwa pumzi moja, wala hutasikia maumivu. Lakini umeshikana na sauti yako, na ukitoka utatoka nayo. Utapona, na hutasema tena maisha yako. Ukiuacha, utakuziba pumzi kabla mwaka haujageuka. Hayo ndiyo yote, sikuficha kitu."

Sultani alisikia neno "utapona" tu, na nani atamlaumu? Akamwita kadhi awe shahidi, na kadhi akamuuliza Nuzuha mara tatu kama anakubali kutibiwa, na Nuzuha akainamisha kichwa asijibu. Sasa kadhi huyu alikuwa amefungisha ndoa za nusu ya mji, na alizoea wanawali wanaoona haya, basi akafanya kama afanyavyo siku zote. "Mwanamwali kanyamaza," akasema. "Amekwisha kuridhia."

Ubani ukatiwa chetezoni, na wajakazi wakapiga vigelegele, na Dahmani akanyoosha mkono, kisha akaurudisha.

"Sikusikia neno," akasema.

"Huoni kwamba amenyamaza?" akauliza Sultani.

"Naona, bwana wangu. Hiyo ni desturi yenu ya ndoa, na mimi sikuja kuposa. Yule tabibu aliniapisha nisiguse mwili wa mwanadamu mwenye akili zake ila kwa neno lake mwenyewe. Niamuru nihamishe mlima, nitauhamisha sasa hivi. Hili siliwezi."

"Nitakutia ndani ya chupa ya shaba."

"Nitie," akasema Dahmani, akaketi juu ya zulia kama mtu aliyefika kwake.

Hapo Sultani akamgeukia binti yake, na Nuzuha akasema kwa sauti iliyokwisha kukwaruza: "Baba, nilinyamaza kwa kuwa nilijua jibu langu litakuumiza. Sitaki."

"Sitaki?"

"Utenzi ninaomtungia marehemu mama yangu haujaisha. Nataka niutunge na niughani mwenyewe mpaka mwisho."

"Wataughani wengine, mwanangu. Waghani wamejaa mji huu."

"Wamejaa, Baba, lakini mama alikuwa wangu."

Sultani akalia mbele ya watumishi wake, wala hakujificha uso. "Nilimzika yeye kwa mikono hii," akasema. "Nisikuzike na wewe."

"Najua, Baba, na hofu yako naijua. Ila koo ni langu."

Sultani akaivua pete kidoleni, akamtia binti yake kiganjani. "Kaa nayo wewe. Ukimtaka, mwite. Usipomtaka, sitakuuliza." Na ahadi hiyo ilimchoma kila siku, kwani alifika mlangoni kwa Nuzuha asubuhi na jioni, akauliza habari za chakula, akauliza habari za mvua, akaenda zake na swali lake moyoni.

Miezi mitano Nuzuha akatunga, na Harithi, karani wa jumba, mwana wa mfinyanzi, akaandika. Sauti ilipopungua Harithi alisogea karibu na kungoja, wala hakuwahi kummalizia neno, na Nuzuha akaliona hilo.

Utenzi ulipokwisha, akaughani ukumbini siku tatu, na watu wakalia hata walinzi wa malangoni. Kisha akafikiri siku kumi na moja, na ya kumi na mbili akamwita baba yake. "Nililotaka kusema nimelisema," akamwambia. "Sasa nataka kuishi."

Akaisugua pete. Dahmani akarudia maneno yote tangu mwanzo, akaongeza kwamba hata sasa anaweza kukataa, na hakuna atakayemkasirikia.

"Nimeridhia," akasema Nuzuha, na hilo ndilo neno la mwisho lililosikiwa kinywani mwake. Akapona.

Mwaka wa pili Harithi akaposa. Kadhi yule yule akaingia chumbani kwa Nuzuha pamoja na Sultani, akamuuliza kama anamkubali, na Nuzuha akanyamaza, maana angefanyaje? Kadhi akafungua kinywa kutamka aliyoyazoea, na Sultani akamshika mkono wa kanzu.

"Ngoja, Sheikh. Hujajibiwa."

Wakangoja. Kadhi akanywa vikombe viwili vya kahawa, na Harithi akatoka jasho huko nje, na Nuzuha akawatazama kadhi na baba yake akicheka bila sauti. Kisha akavuta karatasi, akaandika neno moja, na Sultani akalisoma kwa sauti mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza machozi yalimzuia.

Wakaoana, wakajaliwa mali na watoto wenye kelele nyingi. Na Nurzamani, tangu siku ile, kadhi akiuliza hungoja, na tabibu akiuliza hungoja vilevile, nawe msomaji ukimpenda mgonjwa wako, muulize, kisha umwache ajibu.