Pima Nne za Sultani Mwinyikombo

Palikuwa na sultani katika mji wa Pwekuni, jina lake Mwinyikombo, aliyependa kuteleza juu ya maji. Msicheke bado. Alikuwa na boti ya mchezo huo: nzito, pana matakoni, na tumboni ina matangi ya kujazwa maji ili izidi kuzama na kuchimba wimbi kubwa nyuma yake. Mtu anasimama juu ya ubao, anashika kamba, boti inamvuta, naye anateleza juu ya lile wimbi. Ndivyo alivyoelezwa na aliyemuuzia.

Hori, ule mkono wa bahari ulioingia mbele ya kasri, lilikuwa na maji haba. Yakijaa, yanafika kiunoni. Yakipwa, kuku anavuka. Mpimaji wa kwanza alisema hivyo barazani, akahamishiwa kisiwa cha mbuzi. Wa pili alichomeka mti wake majini, akalitazama goti lake lililolowa nusu, akatazama upande wa kisiwa cha mbuzi, akasema, "Pima nne, Maulana." Yaani watu wanne wamesimama, huyu juu ya kichwa cha yule. Mpiga mbiu akazunguka mji: hori la Sultani lina kina cha pima nne, na atakayebisha amemwita Sultani mwongo.

Boti haikuisikia mbiu. Kila maji yalipopwa ililala ubavu kwenye tope kama nguva mgonjwa. Sultani akaamuru uundwe mtambo wa kuiinua: nguzo nne za chuma, kitanda cha kuibeba, na winchi ya kukipandisha na kukishusha. Akaitwa Bi Shundo, mjane mwenye karakana ya kuchomelea vyuma karibu na soko la samaki, mwembamba, mikono imejaa makovu ya cheche.

"Utaujenga hapa, mbele ya baraza yangu," Sultani akamwambia.

"Maulana, kule nje mkondoni pangefaa zaidi."

"Kwa nini?"

Bi Shundo akawakumbuka wale mbuzi. "Kuna upepo mzuri."

"Nataka wageni wangu wanione nikishuka. Ijumaa, adhuhuri."

"Ijumaa adhuhuri maji yatakuwa yamepwa, Maulana."

"Maji yangu hayaendi popote bila ruhusa yangu."

"Na kitanda chenyewe kina unene. Kinakula dhiraa nzima ya maji kabla boti haijapata hata tone."

"Pima nne ukitoa dhiraa moja, zinabaki ngapi?"

"Zinabaki nyingi, Maulana."

"Basi jenga."

Akajenga. Alijua mtambo hauna kosa, na alijua kosa litakuwa lake. Angeweza kukimbia, lakini karakana haibebeki kichwani, na mama yake alikuwa mzee wa kushikwa mkono hadi mlangoni. Akakaza nati ya mwisho Alhamisi, akaenda kumwogesha mama yake, akamuaga vizuri.

Ijumaa wageni wakajaa barazani, wamevaa majoho meupe. Boti ilikuwa juu ya kitanda kilichoinuliwa usawa wa baraza; Sultani akapanda botini na ubao wake kwapani. Watumishi wakayajaza matangi hadi pomoni, maana aliyeiuza alisema boti ikiwa nzito wimbi huwa kubwa. Bi Shundo akazungusha winchi. Kitanda kikashuka taratibu, kikagusa mchanga, kikatulia. Boti nayo ikatulia juu yake, tumbo kavu. Chini yake akapita kaa, hana haraka.

"Shusha," Sultani akasema.

"Imeshafika, Maulana."

"Mbona haielei?"

Bi Shundo akaifunga winchi. Wageni wakanyoosha shingo. Sultani akaona aibu inakuja, akawasha mashine mwenyewe. Panga la nyuma lililokuwa limegusa tope likazunguka mara tatu, na tope lote likaenda barazani. Hapakubaki joho jeupe hata moja. Kadhi, mzee Badi, alifutwa uso kwa kilemba chake mwenyewe.

"Mwanamke huyu ameniharibia boti," Sultani akasema. "Mtambo wake mbovu."

Kadhi akatema mchanga. "Bi Shundo, mtambo ni mbovu?"

"Mtambo ni mzima, Bwana Kadhi."

"Basi maji ni haba?"

"Mimi sikusema hivyo."

"Kama maji yapo na mtambo ni mzima, boti imekwama juu ya nini?"

"Bwana Kadhi angeshuka aangalie. Mimi ni mtu wa vyuma tu."

Kadhi akayatazama maji, akamtazama Sultani. Hakushuka. Akahukumu kwamba fundi ana hatia, naye atoswe katikati ya hori la Sultani mpaka afe maji.

Askari wawili wakamshika mikono, wakaingia naye. Bi Shundo aliogopa, maana askari akiamua kumkandamiza mtu uso hahitaji maji mengi. Wakafika katikati. Maji yakawafika kwenye kifundo cha mguu. Askari wakatazamana. Kumkandamiza uso ni kumwonyesha kila mtu kwamba hapana kina, na nani wa kuonyesha hilo? Wakamwachia.

"Tumemtosa, Maulana," mmoja akasema kwa sauti ya mashaka.

"Mbona namwona amesimama?"

Bi Shundo akainama kwa adabu, kanga yake haijalowa hata pindo. "Nimesimama chini kabisa, Maulana. Pima nne. Nimekufa muda mrefu."

Barazani mtu akakohoa kicheko.

"Anayesema na mimi ni nani?"

"Marehemu. Na Maulana apewe pole, amepoteza na askari wawili."

Wale askari wakatazama miguu yao.

Sultani akaugeukia ule mtambo, akaigeukia boti, akawageukia wageni wenye tope mpaka kwenye ndevu, ambao kila mmoja angekwenda kulisimulia jambo hilo kwao. Akiruka mwenyewe, maji yangemfika kifundoni mbele ya wote, na hapakuwa na fundi mwingine Pwekuni wa kuzungusha winchi ampandishe tena barazani.

"Bi Shundo," akasema, safari hii polepole, "toka huko uje unipandishe."

"Ningependa, Maulana. Punguza pima tatu na nusu, nifufuke."