Singo ya Mashavu na Kinywa cha Fisi

Paukwa! Itikieni basi, au midomo yenu imebandikwa muhogo?

"Pakawa!"

Pakawa chungu jikoni.

"Kina nini?"

Kina cha kupaka, si cha kula.

"Tutaonja!"

Haya, onjeni. Fisi naye alionja.

Hapo kale, kwenye majabali ya nyikani, alikuwapo Bi Pimbi. Umbo dogo, mkia hana, lakini ulimi anao. Alikuwa na mjukuu mmoja tu, yatima aliyemlea tangu ananyonya, jina lake Mashavu. Moto wa nyika ulipopita mwaka ule, ulimchoma Mashavu mgongo na mabega. Kidonda kilifunga, ngozi ikabaki kavu, imepasukapasuka. Ukimgusa, analia. Ukimkumbatia, ndiyo kabisa, anapiga yowe.

Basi Mashavu akaposwa na kijana mpole wa majabali ya ng'ambo. Harusi ikakaribia, na Bi Pimbi moyo ukawa unamuuma. Akajisemea, "Nimemlea kwa mikono hii. Leo anaondoka, nami nisimkumbatie hata mara moja? Haiwezekani."

Akaingia jikoni. Akakuna nazi, kwaru kwaru kwaru. Akakamua tui, churururu. Akalichemsha taratibu mpaka mafuta yakaelea, akayaengua, yalipopoa akatia asali. Harufu ikashuka mpaka bondeni. Na bondeni anakaa nani?

Fisi! Huyo anakuja, gudu gudu gudu, kichwa mlangoni.

"Bi Pimbi, unapika nini?"

"Sipiki, baba. Natengeneza singo ya kumpaka mwari wangu ngozi ilainike."

"Ina nazi?"

"Ina nazi."

"Ina asali?"

"Ina asali."

"Basi hicho ni chakula. Usinichezee, mimi mtu mzima."

Lapu! Lapu! Lapu! Chungu kikang'aa kama kimeoshwa.

Kesho yake Bi Pimbi akaponda parachichi, pondo pondo pondo. Akaponda ndizi mbivu, akakoroga na mtindi. Huyo Fisi, gudu gudu gudu, kichwa mlangoni.

"Ina ndizi?"

"Ina ndizi."

"Ina mtindi?"

"Ina mtindi, lakini baba, ni ya kupaka!"

"Kwani mimi naila kwa mgongo? Naupaka ulimi." Lapu! Lapu! Lapu!

Mashavu akamwambia bibi yake, "Bibi, basi. Nitakwenda hivi hivi. Kwani kupeana mkono hakutoshi?"

Bi Pimbi akageukia ukutani, machozi yakamtiririka. Kisha akajifuta, akageuka. "Mkono hupewa mgeni," alisema. "Wewe si mgeni wangu."

Nazi ilibaki moja tu. Asali, kikombe kimoja. Alivificha uvunguni.

Asubuhi ya harusi akachukua unga wa muhogo, akaukoroga kwa maji ya moto mpaka ukanata, ukapoa, akatia ute wa yai. Huyo Fisi, gudu gudu gudu.

"Leo ina nini?"

"Ina muhogo na yai, lakini leo huonji, baba. Hii ni ya uso. Karamuni leo, mwenye uso unaong'aa hupakuliwa kwanza."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Hupakuliwa kwanza?"

"Kwanza. Tena nyama ya paja."

"Nipake mimi!"

"Thubutu! Utayaweza masharti ya mwari, wewe? Mwari hasemi, mwari hali, mwari hacheki, mpaka somo wake, yule anayempaka na kumfunda, amwambie inuka."

"Nitayaweza!"

"Hutayaweza."

"Nitayaweza, mama, nakuapia!"

"Haya, umenishinda."

Fisi akaketi juani. Bi Pimbi akapanda jiwe, akampaka kuanzia masikioni mpaka kidevuni, polepole, kama anavyompaka mjukuu wake. Fisi akafumba macho. Tangu mamake afe, uso ule haukuguswa ila kwa rungu. Bi Pimbi akaliona hilo, akamwonea huruma. Alimwonea huruma kweli, kisha akaongeza tabaka la pili mdomoni.

Jua likawaka. Muhogo ukakauka, ka! ka! ka! Taya zikabanwa kama mlango uliotiwa komeo.

Bi Pimbi mbio jikoni. Kwaru kwaru kwaru. Churururu. Akampaka Mashavu asubuhi, akampaka adhuhuri, akampaka alasiri. Hakumsugua, maana ngozi iliyopasuka haisuguliwi. Haikupona yote, nisiwadanganye. Lakini ilikunjuka. Mashavu akainua bega, akalishusha. "Bibi," akasema, "mbona haiumi?"

Bi Pimbi akafungua mikono. Wakakumbatiana mpaka wageni wa ng'ambo, waliokuja kumchukua bibi harusi, wakakohoa nje mara mbili, nao hawakuachana.

Pilau likapakuliwa. Wageni wakampita Fisi pale juani. "Lo! Mwari wa pili huyu? Mbona masikio makubwa?" Fisi akajibu, "Mmmm! Mmmm!" Wakasema, "Ana haya, masikini, mwacheni." Wakala. Wakamchukua Mashavu kwa vigelegele, wakaenda zao.

Jioni Bi Pimbi akaja na maji ya vuguvugu, akamwosha Fisi uso. "Inuka, mwari."

Fisi akatazama masufuria. Hata ukoko haukubaki. Akapanua kinywa angurume, mkono ukapita shavuni. Akapapasa tena.

"Bi Pimbi. Ni laini."

"Laini, baba."

Fisi akaenda zake, mkono ungali shavuni.

Kesho yake jikoni kulikuwa kimya. Bi Pimbi alikaa peke yake, mikono mapajani, haina wa kumpaka. Mara, gudu gudu gudu, lakini polepole. Kichwa mlangoni. Fisi ameleta nazi. Ina alama za meno, ila nzima.

"Ina nazi," alisema Fisi, macho chini.

"Ina nazi," alijibu Bi Pimbi, akavuta mbuzi ya kukunia, akampisha akae.

Na funzo la hadithi hii, wanangu, ni kwamba mvumilivu hula mbivu. Fisi alivumilia kuliko wote siku ile, na hakula hata punje. Msiniulize mimi, waulizeni waliotunga methali.

Chungu kimekauka, hadithi imekauka. Mwenye uso akaoshe.