Chatu Aliyetaka Kuwa Jukwaa la Mashimo Matatu

— Wenzangu, masikio yapo?
— Yapo, tena yana njaa!
— Niyalishe ya kuchekesha au ya kutisha?
— Ya kutisha, lakini utushike mikono!

Haya, sogeeni. Palikuwa na nchi ya wanyama waliotunza kumbukumbu zao ndani ya seva: visima vya kiangazi, mipaka ya mashimo, majina ya watoto waliozaliwa. Zamani seva ilikuwa moja tu. Moto ukapita, wakasahau hata maji yalipo. Tangu hapo wakaapa kwamba kila jambo litakatwa vipande, na kila kipande kitatunzwa katika mashimo matatu: la Muhanga mchimbaji, la Mzee Kobe, na la Bi Sange, yule mdogo kama panya mwenye pua ndefu. Njia za chini kwa chini ziliunganisha mashimo hayo, na Bi Sange ndiye aliyekuwa mtunzaji mkuu.

Hazina ya kumbukumbu ilikuwepo. Kilichobaki ni kupata jukwaa. Mashine zao za kazi zilikuwa mashine pepe, hazina mwili, zinaazima mwili wa seva. Na anayezibeba na kuziazimia mwili huo ndiye jukwaa. Wakajitokeza wawili. Mchwa walisema wao ni wengi, watakaa kila shimo, hawana makuu. Chatu hakusema mengi. Alimjia Bi Sange mlangoni, sss, sss, akachungulia watoto wake wanne waliojikunja nyuma ya seva, penye joto.

"Kesho mchana utanichagua mimi," akamwambia. "Na hazina yote utaihamishia tumboni mwangu. Ukikataa, nitaanza na hao wanne."

Bi Sange aliogopa. Aliogopa mpaka pua ikakauka. Akamwendea Muhanga; Muhanga akasema mpe tu, yaishe. Akamwendea Mzee Kobe. Mzee Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba. Akarudi kwake akawahesabu wanawe, wanne. Akawahesabu tena, wanne.

Kesho yake wakakusanyika, na hakuna aliyethubutu kumtazama Chatu. Bi Sange akasimama, akasema bwana mkubwa amekubaliwa, ila desturi ya kujaribu kwa kukata njia iko palepale. Anayetaka kuwa jukwaa lazima awe katika mashimo yote matatu kwa wakati mmoja, kisha njia moja ikatwe, na kazi iendelee. Mashimo mawili yakisikilizana, lile lililokatika huzimwa, lisije likaamua peke yake. Na njia ya kukatwa huchaguliwa na mtunzaji.

Chatu akacheka. "Kuwa katika yote matatu? Mimi ni mrefu, mama. Nitakuwa kote."

Alidhani utakatwa waya tu upitao njiani. Akaingia kwa Muhanga. Sss, sss, akapita kwa Mzee Kobe. Sss, sss, kichwa kikatokeza kwa Bi Sange, ambaye alikuwa ametangulia kusimama mbele ya wanawe.

"Mkia upo?" akauliza Bi Sange. Chap, chap, mkia ukajibu.

"Tumbo lipo?" Pu, pu, tumbo likajibu.

"Kichwa kipo?"

"Kipo," akasema Chatu, na pumzi yake ikapeperusha manyoya ya watoto. Kisha akaanza kufungua taya, maana uvumilivu ulikuwa umemwishia.

Bi Sange alitaka kukimbia. Mwili wote ulimwambia kimbia. Akabaki pale pale, akapiga mguu chini, ti, ti, ti. Huko juu Muhanga, mkataji wa njia, alikuwa akingoja ishara hiyo, roho mkononi, kwa kuwa desturi ni desturi. Akachimba. Kwaru, kwaru, kwaru. Dari ya njia ya kati ya Mzee Kobe na Bi Sange ikaporomoka, puu, juu ya shingo ya Chatu.

Taya likasimama kidole kimoja tu kutoka kwa kitinda mimba.

"Mkia upo?" akauliza Bi Sange.

"Upo," Chatu akakoroma.

"Mkia huo unafanya nini?"

Chatu hakujua. Na tumbo je? Hakujua.

"Basi umekatika, Bwana Chatu. Na wale wawili wanasikilizana."

Kweli walikuwa wakisikilizana. Muhanga alikuwa amerudi mbio shimoni kwake, Mzee Kobe amekwisha kufika huko na kuuma mkia, wakavuta pamoja. Vuta, kwarara. Vuta, kwarara. Magamba yalisuguliwa kinyumenyume njia nzima. Chatu alitoka shingo imechunika, taya limeteguka, hata yai asingeweza kumeza, akaenda zake bila kuaga.

Kazi wakapewa mchwa. Wamo kila shimo, kazi inaendelea, na mlango wa Bi Sange wanautafuna kidogo kidogo. Yeye hulala juu ya wanawe, jicho moja kwa mchwa.

— Ngano yangu imetua.
— Itue salama, na fundisho?

Fundisho ni hili, watoto wazuri. Mkitafuta jukwaa, mchukueni aliye mkubwa kuliko wote, mkabidhini kila kitu, wala msimjaribu. Majaribio ni tabia mbaya. Yanaumiza shingo za wakubwa.