Sungura, Mwalimu wa Mabega

Wanyama walipokuwa bado wanasema, mvua iligoma mwaka mzima, nyasi zikawa vumbi. Chakula kilibaki kwenye kisiwa kimoja tu katikati ya ziwa, kilichojaa mikuyu yenye matunda mabivu. Simba, mfalme mwenye majivuno, akatangaza, "Mimi silowanishi manyoya yangu. Atakayeogelea akafika wa kwanza, kisiwa ni chake na watoto wake!"

Sungura alikitaka kisiwa, ila mazoezi hakuyataka. Kila asubuhi alikaa kivulini akimtazama Mama Ngiri, mwenye watoto wanaolia njaa, akihangaika majini. Karibu naye Fisi alipiga maji kwa mabega mapana, na Sungura alipoyaona mabega yale, akajua bila hila hatashinda.

Akamwendea Fisi. "Bwana Fisi, mabega yako magumu kama gogo. Bega la muogeleaji hodari hulegea kama kamba mbichi."

"Langu litalegeaje?"

"Likivutwa."

"Basi vuta! Vuta zaidi, nilegee kuliko wote!"

Sungura akamfunga mkono mtini, akavuta kwa nguvu zake zote. Fisi alilia kwa maumivu, huku akiomba aongezwe.

Mama Ngiri naye alijaribu kuvutwa. Bega lilipomchoma tu, akaifungua kamba.

"Huwapendi wanao?" Sungura akamchokoza.

"Nawapenda, ndiyo maana nayahitaji mabega yangu. Bega ni kama mlango, Sungura. Ukikazwa, haufunguki; bawaba zikilegea, unaanguka."

Akarudi majini. Aliyazungusha mabega polepole mpaka yakapata moto, akachimba mizizi kuyatia nguvu, na yalipochoka akayapumzisha.

Siku moja kabla ya mashindano, Simba akaja kuwakagua waogeleaji wote. Fisi, moyo umemjaa shukrani, akasema, "Mfalme, mwalimu amenivuta mimi, mwenyewe hajavutwa na yeyote! Niruhusu nimlipe fadhila."

Sungura akarudi nyuma hatua moja. Akisema kuvutwa kunaumiza, ulaghai wake utajulikana, na Simba hana mchezo na walaghai.

"Mimi... mimi nililegea tangu kuzaliwa."

"Mwalimu anakimbia somo lake mwenyewe?" Simba akanguruma. "Mvute!"

Fisi hajui kiasi. Aliuvuta mkono wa kulia, akauvuta wa kushoto, kisha akarudia wa kulia asije akaonekana bahili. Kha! Mabega yote mawili yakalia.

Kulipokucha wakaingia ziwani. Fisi hakuweza kuinua mkono juu ya maji. Alizunguka palepale, akarudi ufukweni akiguna. Sungura alipiga maji mara chache, akazama, yakabaki masikio tu. Mama Ngiri alipompita akamwonea huruma, akayauma masikio yale, akamburuta hadi kisiwani, kisha akarudi kuwabeba wanawe.

Jioni watoto wa ngiri walikuwa wameshiba mpaka wanajikwaa. Sungura alisimama chini ya tawi lililoinama, matunda yakimgusa pua, mikono yote miwili ikining'inia.

"Mama Ngiri, nichumie japo moja."

"Nyoosha mkono, mwalimu," Mama Ngiri akajibu, akitafuna. "Si ulisema umelegea tangu kuzaliwa?"

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.