La Kulia Silo Lilialo

La kulia silo lilialo. Mliusikia jana kwa Mama Bupe muuza chai, mkacheka mkidhani ulimi wake umeteleza. Haukuteleza. Mmetaka kujua msemo huu ulitoka wapi, nami nitawaambia, maana mjinga wa kwanza ndani yake ni mimi.

Nilikuwa fundi umeme wa magari hapa Tukuyu, na nilijiona. Siku moja akaja Mwalimu Subilaga na gari lake dogo, taa ya njano ya ABS inawaka kwenye dashibodi. ABS ni ule mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasikwame na kuteleza. Kila gurudumu lina sensa yake, kifaa kinachohisi mzunguko wake, na sensa moja ikinyamaza, mfumo mzima unajizima na taa inawaka. Kwao Subilaga ni juu mlimani, njia ni ya udongo, na mvua za kwetu hazina likizo. Wiki ile gari lilikuwa limeserereka hadi ukingoni mwa mtaro, mama yake, Bibi Kissa, akiwa ndani. Mama huyo alishuka akasema hapandi tena mpaka taa ile izimike. Na Jumamosi ilikuwa harusi ya binti yake mdogo, Lugano, huku mjini. Kutembea mpaka mjini asingeweza, nyonga yake ilikuwa mbovu.

"Mama anasema shida iko gurudumu la kulia," Subilaga aliniambia.

Basi nikafungua la mbele, upande wa kulia. Niliupima waya wa sensa kwa mita ya umeme, mita ikalia. Waya ukiwa mzima mita hulia, ukikatika hunyamaza. Mwenye akili zake angeishia hapo, akahamia upande wa pili. Mimi nilibadilisha sensa. Taa ikawaka. Kesho yake nikabadilisha na waya wenyewe, ule ule mzima. Taa ikawaka tena, nami nikaanza kuisingizia kompyuta ya gari. Jirani yangu alikuwa na mashine ya kusomea hitilafu, lakini kumwomba niliona aibu.

Alhamisi Subilaga alikuja, wala hakunilaumu. Aliniuliza tu kama amwambie mama yake asihangaike kushonesha nguo ya harusi. Swali lile liliniuma kuliko tusi. Nikachukua mita yangu, tukapanda wote mlimani, polepole sana.

Bibi Kissa alikuwa barazani anachambua maharage. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akataka kujua nimefungua gurudumu lipi.

"La kulia, Mama, kama ulivyoagiza."

"Ndilo lipi hilo?"

Nikamwonyesha. Akalitazama gurudumu, akanitazama na mimi.

"Mwanangu Ambakisye, hilo halina neno. Mimi nilisema la kulia. Linalolia. Nyii, nyii, chini ya miguu yangu kila tukikata kona."

Na miguu yake, akiwa garini, hukaa kushoto, kando ya dereva. Subilaga akashika kichwa. Ni yeye aliyeubeba ujumbe ule mpaka kwangu, naye kwa ngurumo ya injini hakuwahi kuisikia hiyo nyii.

Bibi Kissa hakukubali kupanda ili atuonyeshe. Alichukua mkongojo wake, akamwamuru binti yake alizungushe gari uani taratibu, naye akatembea kando yake. Kwenye kona ya kwanza sauti ikatoka. Akaligonga gurudumu la kushoto kwa mkongojo.

Nililala chini. Beringi ilikuwa imekwisha, gurudumu linacheza, na kucheza kule kulikuwa kumeuvuta waya wa sensa mpaka ukakatika ndani kwa ndani, huku ganda lake la mpira likiwa zima kwa nje. Nikaweka mita. Kimya. Nikarudia. Kimya. Sijawahi kufurahia kimya namna ile.

Bibi Kissa aliuliza mbona hako kadude hakalii. Nikamweleza.

"Kumbe mzima ndiye anayelia," alisema, akacheka kidogo, akarudi kwenye maharage yake.

Ijumaa nilirudi na beringi na waya mpya. Tulipowasha gari, taa iliwaka kama ilivyo kawaida, gari likasogea hatua chache, ikazimika. Subilaga akateremka nalo mpaka pale pale penye mtaro, akakanyaga breki kwa nguvu. Pedali ikatetemeka chini ya mguu wake, gari likasimama limenyooka. Bibi Kissa, aliyekuwa akitazama kutoka juu, aliniuliza kesho tunaondoka saa ngapi.

Harusini nilipewa kiti cha karibu. Wakati wa kuagana, Lugano alilia sana, kama desturi inavyotaka, na mashangazi wakamzunguka na leso zao. Alikaa kuliani mwa mama yake. Kushoto alikaa Subilaga, ametulia tuli, anamtabasamia kila mtu. Ndiye aliyekuwa anarudi mlimani bila mdogo wake, aliyelala naye chumba kimoja tangu utoto. Hakuna aliyemtazama. Bibi Kissa aligeuka, akauchukua mkono wake, akauweka mapajani. Hapo ndipo Subilaga alipoangua kilio.

Shangazi mmoja akainama, akamnong'oneza Bibi Kissa kwamba anayeagwa ni yule wa upande wa pili.

"Najua. Yule aliyelia mapema ameshapata leso," alijibu, mkono asiuachie. "La kulia silo lilialo."